Paa la Mama Akoth

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kendu Bay, nilipewa daftari, kamera ndogo na penseli mbili, nikaambiwa nilinde kikombe cha chai. Nyinyi mnaopiga video kwa simu mtacheka. Filamu haipigwi kwa mpangilio. Mazishi hupigwa Jumatatu, na harusi iliyoyatangulia ikapigwa Alhamisi. Lazima awepo mtu wa kukumbuka chai ilifika wapi kikombeni na kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi. Tulimwita mtunza mfululizo. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Mwongozaji, mkuu wa filamu yote, alikuwa Mbrazili mwenye sifa kubwa. Sifa zenyewe sikuzielewa. Aliweza kukaa asubuhi nzima akitazama ukuta, halafu aseme kazi ya leo imekwisha. Kiswahili alikiokota kwa wauza samaki. Siku moja nilipitiwa na kifungo, akaniambia kwa upole, "Dada, wewe ndiye macho yangu. Mimi husahau." Nikayashika maneno hayo kama kiapo, na sijui kama yeye aliyakumbuka hata hadi jioni.

Kutoka hapo tulihamia Kosele, tukapiga nusu ya filamu nyumbani kwa Mama Akoth, mjane aliyelima mahindi. Nusu ya pili ilingoja mtoto aliyeigiza akue kweli.

"Nyumba isiguswe," mwongozaji akasema. Mama Akoth akakubali, tukapeana mikono. Hakuna aliyeuliza ni miaka mingapi.

Mwongozaji akarudi kwao, akatoa filamu nyingine, akatuzwa. Mimi nikapata vibarua vya matangazo Migori, kisha Uriri. Kila msimu wa mvua nilipita Kosele kupiga picha za paa. Nyasi zilikuwa zinaoza. Mama Akoth alihamisha kitanda mara tatu, akatega sufuria chini ya matone hadi akakosa ya kupikia.

"Nyar Kendu," aliniambia, maana aliniita binti wa Kendu, "mwanangu Akoth ameninunulia mabati. Yamelala tu nyuma ya jiko. Huyo mkubwa wako, mvua ikinyesha analala wapi?"

"Subiri kidogo, Mama. Atakuja."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nikampigia simu meneja wa uzalishaji, anayeshughulikia magari, malazi na ruhusa. Akanijibu, "Paa likibadilika, filamu imekufa. Na wewe utafute kazi nyingine."

Basi nikaendelea kumwambia Mama Akoth asubiri. Aibu hiyo ninayo hadi leo. Mwaka alioanza kukohoa bila kupumzika, nilimwambia aezeke mabati, na sikumwambia mtu yeyote. Kuanzia hapo kila simu iliyolia ilinishtua.

Mwongozaji alikuja nywele zikiwa nyeupe, akitembelea fimbo. Nilimngoja langoni.

"Bosi, paa limebadilika. Mimi ndiye niliyeruhusu."

Akayatazama yale mabati kwa muda mrefu. "Nyumba ni ile ile," akasema.

Nikamwonyesha picha ya nyasi. Akaitazama, akanirudishia. "Hii si ya hapa."

Tukapiga nusu ya pili, filamu ikaisha, ikasifiwa. Hakuna aliyenifukuza. Nimestaafu na bado nimechanganyikiwa. Je, alisahau? Alinihurumia? Au alijua kwamba hata katika filamu, mtoto akikua humwezekea mamake mabati, na ni mimi tu ambaye sikuliwaza hilo? Nikipata jibu usiku, asubuhi silikubali tena.

Mwezi uliopita nilimpelekea Mama Akoth daftari langu alione. Alilipekua taratibu: kikombe, kifungo, nyasi, nyasi, nyasi.

"Umeandika vizuri," akasema. "Na ile mvua niliyolala nayo, umeiandika ukurasa gani?"

Nikalichukua, nikatafuta mpaka jalada la nyuma. Haikuwemo.