Vidonge vya Memsabu

Dada yangu mkubwa alikuwa yaya kwa memsabu mmoja mnene, shamba la mahindi karibu na Kitale, upande wa Endebess. Hiyo njia wakati wa mvua ilikuwa tope tupu, lakini wacha hiyo. Memsabu alikuwa anameza vidonge vya kupunguza mwili. Vilipomsumbua moyo, akampa dada chupa iliyobaki, akisema vinaondoa uchovu pia.

Dada alikuwa ameolewa Sirisia juzijuzi tu. Akarudi kwa mume msimu wa palizi, akaanza kumeza. Ati huyo mtu alilima! Jua linatoka yuko shambani, linazama bado yuko. Mama mkwe akawaita majirani: "Kujeni muone bibi ya mtoto wangu!" Hata sisi tulijisifu.

Kumbe hakuwa anakula wala kulala. Mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, mifupa ya shingo ikaonekana. Kwetu, bibi akikonda hivyo, watu wanasema ni kifua kikuu. Wakamtengea kikombe. Shemeji yake, ndugu ya mume, akamwambia, "Tulioa mtu, bana, si mwiko wa ugali."

Akawaeleza ni vidonge vya memsabu. Nani angeamini? Mtu mwenye chakula ameze dawa ili akonde?

Wakamrudisha kwetu. Alipoacha vidonge, mwili ulirudi kabla mahindi hayajakauka. Mama na mimi tukampeleka kwa mume, mashavu yamejaa, amepakwa mafuta. Jikoni tukakuta bibi mpya anasonga ugali. Mama mkwe alituandalia chai vizuri kabisa, lakini hakuweza kumwangalia dada.