Pumzi Nilizozikata

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na pumu, na mimi, kwa akili zangu za mwaka wa tatu chuoni, nikamchagua yeye huyohuyo anieleze habari za pumzi. Kazi yangu ya utafiti ilihusu maneno ya pumzi, hewa na roho. Nilirudi Kigoma likizo na daftari jipya na simu ya kurekodia, nikachukua bodaboda hadi kwake Buzebazeba, na kabla chai haijachemka nikamwambia nataka kumrekodi. Akauliza kama nimekula.

Alizaliwa Burundi, akavuka na wazazi wake akiwa mdogo, akaolewa huku, akauza dagaa ufukweni Kibirizi miaka mingi mpaka kifua kilipokataa vumbi. Mimi nilimkuta tayari ni mtu wa kukaa mkekani, mgongo ukutani, dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Asubuhi upepo wa ziwa ulipoingia na harufu ya dagaa walioanikwa, alifumba macho akatabasamu. Wageni huziba pua kwa harufu ile. Mimi siku hizi nikiikosa naumia.

Basi nikamfundisha, maana mimi ndiye niliyesoma vitabu. Nilimwambia pumu, pumzi, kupumua na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja. Roho tumeipata kwa Waarabu, na huko kwao inakaribiana na jina la upepo. Nafsi na nafasi nazo zimetoka kwenye mzizi mmoja, wa kuvuta pumzi. Hilo la mwisho alilikubali upesi.

"Mkijazana humu ndani huwa nawaambia nipeni nafasi," alisema. "Ulidhani natafuta pa kukaa?"

La pepo lilimchekesha mpaka akakohoa. Nilimweleza kwamba upepo, pepo wanaowapanda watu kichwani, na hata Peponi tunakotaka kwenda, wote ni ukoo mmoja. Akasema basi mtu aangalie anamfungulia nani dirisha. Kisha akanipa neno la kwao Burundi, mpwemu. Ni pumzi, akasema, na ni Roho yule anayetajwa kanisani. Nikauliza kipi kilianza, pumzi au Roho. Akavuta hewa kwanza, kifua kikipanda na kushuka na kupiga mluzi.

"Mwana wanje, mwanangu, hewa ni ya wote," alisema. "Ikishaingia kwako ndiyo inakuwa mpwemu. Siku ukiitoa usiivute tena, umemrudishia mwenyewe."

Maneno hayo machache yalimchukua karibu dakika nzima, kwa vituo vinne au vitano. Mimi kalamu mkononi, jicho kwenye saa ya simu. Nasema ukweli, vituo vile viliniudhi. Nilikuwa na orodha ndefu ya maswali na siku nne tu za kuyamaliza, na yeye kila baada ya maneno matatu anatafuta hewa. Mama, aliyekuwa akituletea chai, alinikanya kwamba namchosha mtu mgonjwa. Bibi akamwambia aniache, kwa sababu wajukuu wengine wakija humuuliza habari za afya tu, na hizo yeye mwenyewe amezichoka.

Chuoni tuliambiwa rekodi ziwe safi, zisiwe na kelele. Nilikaa mbele ya kompyuta wikiendi nzima nikisafisha. Nilikata kila mluzi, kila kikohozi, kila kimya, nikaunganisha maneno yaliyobaki. Bibi akatoka anazungumza mfululizo kama mtangazaji wa redio. Darasa lilinipigia makofi, nami kichwa kikavimba. Simu ilikuwa imejaa, nikafuta zile rekodi ambazo hazijakatwa ili nipate pa kuweka picha.

Alifariki masika yaliyofuata. Mama alinipigia simu asubuhi, akasema tu kwamba bibi amepumzika. Nilifika Kigoma tukazika, na siku ya tatu, ndugu wakiwa bado wamekaa uani, mjomba akaniomba niwawekee sauti yake. Nikaiweka kwa fahari, niseme nini tena. Watu walitikisa vichwa, wakacheka alipofika kwenye lile neno lake la dirisha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza huyu ni nani.

"Ni bibi," nikamjibu.

"Sauti ni yake," mama akasema. "Lakini hapumui."

Nilitoka pale nikaenda nyuma ya nyumba nikalia zaidi kuliko nilivyolia makaburini. Nilikuwa na maneno yake yote ya pumzi, yamepangwa vizuri, na pumzi zenyewe nilizitupa kwa mkono wangu.

Niliporudi chuoni nilipekua kila faili. Pumzi yake imebaki sehemu moja tu. Bibi alikuwa hajamaliza kuvuta hewa nikamdakia kwa swali jingine, na kwa kuwa swali lenyewe nililiona la maana, sikulikata. Chini ya sauti yangu anasikika, na ule mluzi wake, sekunde tatu hivi. Mama huniomba nimwekee kila nikienda nyumbani. Tunakaa, simu katikati yetu. Hatuna namna ya kumsikia bibi akipumua bila kunisikia mimi nikimharakisha.