Nyumba Isiyotoa Moshi

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni, nilimpoteza mke wangu, Salima binti Ntandu. Tulimzika siku iliyofuata nyuma ya zizi, upande unaotazama kisima, kwa sababu aliomba hivyo. Tangu hapo mafiga ya nyumba yangu ni baridi. Kwa ukoo wake nyumba iliyofiwa huzima moto mpaka siku ya nne, na majirani ndio wanaopika na kuleta. Mwanangu, wewe yeyote utakayeyasoma haya, nimekaa katika ubaridi huo nikaona nikuandikie habari za nyumba nyingine isiyotoa moshi, maana kosa kubwa la ujana wangu lilitoka humo, na mke wangu naye alitoka humo humo.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1948, Mwingereza alipotaka kujua Tanganyika ina watu wangapi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na kwetu darasa la nne wakati huo lilikuwa kubwa kama mlima. Jumbe wetu alikuwa baba yangu mkubwa, Mzee Mughwai, ndiye aliyenilea. Akanikabidhi kitabu cha hesabu na penseli mbili. Nikaweka penseli moja sikioni, na nakwambia kweli, hata kulala nililala nayo.

Sasa uijue nchi yenyewe. Kutoka Mgori, kwetu Singida, kuingia porini kuelekea mashariki, watu walikuwa wachache kuliko tembo. Nyumba moja hapa, na nyingine huko, baada ya korongo na miamba, ukifika jua limeshakuchoma kisogo. Lakini tazama ni watu gani niliowaandika mle kitabuni. Wanyaturu wenzangu, wenye mtama na ng'ombe. Nyumba mbili za Wasandawe, waliojua asali ya kila mti. Mbarabaig mmoja na wake zake, aliyekuja akifuata majani akayapenda, akabaki. Mgogo aliyekimbia njaa kwao na watoto mgongoni. Lugha nne porini, na harusi ikitokea wote wanakula chungu kimoja. Akina mama walikataa kunitajia idadi ya watoto, maana ni mwiko. Walinitajia majina, mimi nikahesabu majina. Nimeishi miaka mingi na nimeona miji, lakini sijaona watu ninaojivunia kuwa mmoja wao kama wale.

Na hesabu ile haikuwa mchezo kwetu. Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alikuwa amesema barazani kwamba mashine ya kuchimba kisima ni moja tu. Ingekwenda kwetu, au ng'ambo ya bonde la pili, kwa kufuata penye watu wengi zaidi. Kiangazi akina mama wa kwetu walitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mtoni, wakarudi adhuhuri na kibuyu kimoja cha maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Baba mkubwa alinishika bega siku naondoka. "Mwanangu," akasema, "haba na haba hujaza kibaba. Sisi ni wachache, lakini si pungufu. Usimwache hata bibi kizee asiyeona."

Nikatembea siku nyingi. Siku ya mwisho ilibaki nyumba moja, ya Mzee Ntandu, mbali kuliko zote. Miguu ilikuwa imevimba malengelenge. Alfajiri nikapanda juu ya jabali, kama tulivyozoea wenyeji wa kule, nikatazama moshi. Kila nyumba yenye watu hutoa moshi asubuhi, uji unapikwa. Nikaona moshi hapa, na pale, na kule. Kwa Mzee Ntandu, hapana. Anga ilikuwa safi kama kioo.

Mwanangu, hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mtoto wa kwetu anajua kwamba nyumba isiyo na moshi imepatwa na moja kati ya mambo mawili. Wenyewe wamehama na mifugo, au wamefiwa. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nikachagua lile lililoifaa miguu yangu. Nikaandika, "Wamehama," nikateremka upande wa nyumbani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu siku ile ilikuwa fupi kweli. Adhuhuri nilikuwa nakula ugali wa mtama na mlenda.

Miezi ikapita. Siku moja Bwana Shauri akatuma tarishi, na baba mkubwa akaitisha baraza. Habari ikasomwa. Ng'ambo ya bonde walikuwa wametuzidi watu wanne. Kisima kimekwenda kwao.

Kisha akasimama mzee mmoja mrefu, nguo yake nyeusi imefungwa begani, akaninyooshea fimbo mimi.

"Karani," akasema, "kwangu tuko sita. Uliniandika ukurasa wa ngapi?"

Alikuwa Mzee Ntandu. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Ukurasa wa ngapi?"

"Nilitazama kutoka jabalini, mzee. Kwako hapakuwa na moshi."

"Ni kweli, hapakuwa. Nilikuwa nimemzika mama wa watoto wangu siku mbili kabla." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mbarabaig aliona kama wewe ulivyoona. Akaja na maziwa. Hakuwa na kitabu wala penseli."

Nyuma yake alikuwa amesimama binti yake mkubwa, kibuyu cha maji kichwani, maana alipitia barazani akitoka mtoni. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye penseli iliyokuwa sikioni. "Baba, usimwonee," akasema. "Kitabu chake ni cha kuandika moshi. Watu wanaandikwa kwenye kingine."

Baraza zima likacheka, hata waliokuwa na machozi. Huyo ndiye Salima. Ndivyo nilivyomjua.

Jioni ile nilimwambia baba mkubwa nitasema kitabu kililowa mvua. "Mvua ya Agosti?" akauliza. Halafu akanipa maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mgeni angeiona nyumba ile asingejua maana ya moshi. Angelazimika kwenda mpaka mlangoni. Wewe ulijua, na kujua kwako ndiko kulikokufanya ubaki jabalini. Macho yako hayakukosea, mwanangu. Miguu yako ndiyo iliyokataa, ukaiachia ishike penseli."

Kesho yake tukashika njia kwenda boma la Singida. Nikasimama mbele ya Bwana Shauri nikasema ukweli wangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba vitabu vimekwisha kwenda pwani, na mashine imekwisha kuanza kazi, lililoandikwa limeandikwa. Tukarudi. Tulipoliona jabali lile kwa mbali baba mkubwa akasema, "Serikali imemaliza. Bado Ntandu."

Nikaenda kwa Mzee Ntandu na sululu begani. Nikamwambia nitachimba kisima kwa mikono yangu mpaka maji yatoke au nizikwe humo. Hakuniambia karibu, hakuniambia toka. Alinionyesha mahali, kando ya mto wa mchanga, palipokuwa na kichaka cha majani mabichi hata kiangazi.

Siku tatu nilichimba peke yangu, na Salima akipita na kibuyu chake alikuwa akiuliza, "Karani, umefika ukurasa wa ngapi?" Siku ya nne akaja Mbarabaig na wanawe, na ngozi ya ng'ombe ya kuvutia udongo. Aliteremka shimoni. Wakaja Wasandawe. Mgogo akaja na mke wake, wakapokezana jembe moja. Kisha Wanyaturu wenzangu kutoka kila upande, wengine wakitembea tangu usiku. Hakuna aliyetumwa na jumbe. Tukafikia mwamba, tukakwepa, tukaanza shimo jingine. Watu wakanitania kwamba hata maji nimeyakosea hesabu.

Shimo la pili lilifika kina cha watu watano waliosimamiana mabegani. Mchanga ukawa na unyevu, kisha ukawa tope, kisha tukasikia sauti ndogo kama ya mtoto anayenyonya. Mzee Ntandu aliteremka mwenyewe, uzee wake wote, akapanda na maji kwenye kata. Yalikuwa meupe. Akampa binti yake anywe kwanza. Salima alikunywa nusu, nusu akaniletea mimi.

"Andika sasa," akasema. "Tuko sita."

Kisima kile kipo mpaka leo. Kile cha mashine ng'ambo kilikauka baada ya masika machache, na wenyewe wakaja kuteka kwetu, tukawakaribisha. Hiyo nayo uijue, watu wachache si watu wadogo.

Salima nilimwoa mwaka uliofuata. Maisha yetu yote hakuniita jina langu; aliniita Karani. Nilipochelewa kurudi kutoka shambani, alisema, "Nilidhani umeandika kwamba tumehama." Katika kitabu cha mwaka ule hayumo. Atafutaye atakuta ukurasa wenye neno moja, kwa mwandiko wangu, na neno hilo ni uongo. Sijawahi kulisema hili bila aibu, na sitaki aibu hiyo iniondoke.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mtu hana mawingu. Usimhesabu kwa moshi wake, wala kwa nguo zake, wala kwa kimya chake. Nenda mpaka mlangoni, bisha hodi, ngoja uitikiwe, usikie jina. Nyumba iliyonyamaza uianze, usiiache mwisho. Na ukikosa, usiisingizie mvua ya Agosti. Sema, kisha shika sululu. Mungu akupe miguu isiyochoka kabla ya moyo wako, na akupe majirani kama aliotupa sisi.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini jana asubuhi, siku ya tatu ya mafiga baridi, nilisikia hodi. Alikuwa mwanamke kijana wa Kibarabaig, mtoto mgongoni, miguu yake myeupe kwa vumbi la kutoka mbali. Simjui. Wamehamia hivi karibuni nyuma ya jabali, na msiba wetu haukuwafikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimeona asubuhi mbili hapatoki moshi," akasema. "Nikasema, niende."

Alikuwa na kibuyu cha maziwa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Halafu nikamwuliza, kwao wako wangapi. Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. Kwao nako haitajwi. Nikamwomba basi majina. Akakaa kwenye kigoda cha Salima, akaanza kutaja, mmoja mmoja, na mimi nikachukua penseli nikaandika.