Maneno Matano ya Daktari wa Chama

Mletee fundi huyu cherehani iliyolala stoo miaka kumi, imekula kutu mpaka gurudumu halizunguki. Ataifungua skrubu moja moja, atazipanga juu ya gazeti kwa mfuatano ule ule alivyozitoa, atasafisha, atatia mafuta, na jioni utaondoka na mashine inayoshona. Mtaani wanamwita Fundi tu. Mke wake naye humwita hivyo hivyo, isipokuwa akiwa amekasirika, ndipo humwita "wewe".

Mdogo wake alikuwa bondia. Ulingoni walimpa jina la Kimya kwa sababu tangu utotoni, apige au apigwe, hatoi sauti. Mama yao alipokuwa anaaga dunia alimwambia Fundi, "Huyu usimwachie mtu." Basi Fundi akalishika neno lile kwa mikono miwili. Kwa miaka kumi na minne yeye ndiye aliyekaa kwenye kona ya mdogo wake na ndoo, taulo na barafu, na hakuna mkono mwingine uliomfuta Kimya damu usoni kati ya raundi na raundi. Hata kocha ilibidi aombe nafasi.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Chama chao cha ngumi kilikuwa na daktari wake, na kabla ya kila pambano bondia aliingia chumbani kwa daktari huyo pamoja na mtu wa kona yake. Daktari alimtajia maneno matano, akazungumza naye mambo mengine, kisha akamwambia ayarudie. Halafu alimtaka ataje miezi kwa kurudi nyuma, na asimame kwa mguu mmoja amefumba macho. Aliyeubuni mtihani ule alikuwa na akili zake. Ila daktari alikuwa na kadi moja tu. Miaka ikapita, kadi ikapauka, pembe zikalika, maneno yakabaki yale yale: kiko, pazia, embe, daraja, sindano. Fundi, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi mle mle ndani, akayajua kama anavyojua namba za nyuzi zake.

Likaja pambano ambalo Kimya aliangushwa raundi ya sita, akainuka mwamuzi akiwa amehesabu mpaka nane, na mwisho akashinda. Watu walimbeba juu juu. Wakati huo Fundi alikuwa ameona jambo ambalo wengine walilichekea: kengele ya kumaliza raundi ya saba ilipolia, Kimya alikwenda kukaa kwenye kiti cha mpinzani wake. Fundi naye alicheka. Lakini wiki tatu baadaye, Kimya akiwa amekaa karakana akimwangalia kaka yake akifunga mkanda wa cherehani, aliuliza kama wameshakunywa chai. Fundi akamjibu ndiyo. Akauliza tena. Mara ya tatu Fundi aliinama akajifanya anatafuta bisibisi.

Na siku mbili tu zilikuwa zimebaki waende kwa daktari wa chama.

Hapo ndipo Fundi, mtu mwenye akili timamu, mtu ambaye hakubali kufunika mashine yenye ufa, alipomfundisha mdogo wake majibu. Mtu unashindwa umhurumie au umzabe kofi. Kimya aliruka kamba, na kila kamba ilipogusa sakafu Fundi alisema neno, Kimya akalirudia. Kiko. Pazia. Embe. Fundi alijiambia kwamba kichwa ni kama jicho lililovimba, kikipumzishwa kitatulia, na kwamba kumzuia mdogo wake asipigane ni kumuua akiwa hai. Kimya akafaulu. Akafaulu na mara iliyofuata. Mara saba alifaulu, na mara saba alipanda ulingoni akapigwa kichwani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huku kwa Kimya hakikuja kifo, yalikuja mambo ya nyumbani. Mke wake ni mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole ambaye sauti yake haijawahi kuvuka ukuta. Yeye ndiye aliyemwona mumewe akiibamiza redio ukutani kwa sababu stesheni imempotea, kisha akipiga magoti kuokota vipande huku akilia na kuomba radhi, na haikujulikana anamwomba nani. Alimsikia akijiita mzigo. Siku moja mchana akamkuta amesimama nje ya geti la shule, jasho linamtoka, akimuuliza kila mzazi aliyepita kama amemwona binti yake. Binti alikuwa amemshika mkono muda wote huo.

Mwalimu alikwenda karakana siku hiyo hiyo.

"Shemeji," alisema, "daktari wenu anasema mume wangu mzima. Mimi naishi na mtu ambaye si mzima. Hebu niambie, ni mimi ninayeota?"

"Uchovu tu, shemeji. Akipumzika atakaa sawa."

"Mwezi ujao ana pambano. Atapumzika lini?"

Fundi akasema ana kazi ya watu. Mwalimu akamwambia kwamba kesho kutwa wanakwenda hospitali ya rufaa, na kwamba yeye Fundi atakuja, kwa sababu Kimya bila kaka yake haendi popote.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alimsalimia Kimya vizuri, akamuuliza habari za usingizi, hasira, na siku ambazo dunia inamwia nzito. Kimya alijibu kwa adabu. Kisha daktari akasema, "Nitakutajia maneno matano, uyashike."

"Hayo hayanisumbui, daktari," Kimya akasema, akatabasamu.

Daktari akataja: mkate, ngazi, shati, mvua, farasi. Wakazungumza mengine. Baada ya muda akamwomba ayarudie.

Kimya akajinyoosha kitini. "Kiko, pazia, embe, daraja, sindano," akasema bila kukwama. Halafu akageuka kwa kaka yake, uso wote umemng'aa. "Nimepata, kaka?"

Daktari aliangalia karatasi yake, akamwangalia mwalimu, na mwalimu akamwangalia Fundi. Kama Fundi angenyamaza tu, yangeandikwa mengine. Angeweza kusema mdogo wangu amechanganyikiwa, na pambano la mwezi ujao lingebaki kuwa shauri la chama. Fundi akasema yote: kadi, benchi, kamba, mara saba. Alisema akiangalia viatu vyake.

Daktari hakumgombeza. Alisema kilichokwisha kuharibika hakirudi, ila kinachobaki kinaweza kulindwa, na kwamba hasira na huzuni zina dawa na zina wa kuzungumza naye. Ngumi, basi. Hata za mazoezi.

Kimya ndiye aliyeuliza, taratibu, "Kaka, kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

Mwalimu alimshika mumewe mkono wakatoka. Koridoni alisimama kidogo, akamwambia Fundi kwa ile sauti yake ndogo, "Mara saba, shemeji. Ulimwandaa mwenyewe." Fundi alirudi nyumbani peke yake.

Mtu angetarajia Kimya asikanyage tena karakana ile. Lakini baada ya siku tatu alikuja, akavuta kiti, akauliza kwa uchangamfu kama ratiba ya mazoezi ya mwezi ujao imetoka. Fundi akaelewa kwamba ile siku ya hospitali haimo tena kichwani mwa mdogo wake. Mwalimu aliposikia, akiwa bado na machungu yake, alimtumia ujumbe: mwambie pambano limeahirishwa, asiumie. Fundi alikaa na ujumbe ule mkononi. Akaona kwamba akisema hivyo atakuwa anamfundisha jibu jingine. Akaweka bisibisi chini, akamwambia ukweli wote tangu mwanzo.

Amekwisha kumwambia mara nyingi tangu hapo. Siku nyingine Kimya hukumbuka, hukaa akiangalia mashine. Siku nyingine husikia kama habari mpya, na hapo huja lolote: amewahi kupindua meza ya skrubu zote, amewahi kutoka bila kuaga, amewahi kulia mpaka mteja akaondoka na cherehani yake.

Juzi alisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka, akamfuta kaka yake uso kwa kiganja.

"Usilie, kaka," akasema. "Uliogopa tu. Mimi nimekusamehe. Yaishe."

Fundi akamshika mdogo wake mabegani. Miaka yote ile hakuwa ametamani neno jingine. Walikaa pamoja mpaka adhuhuri, wakala, wakacheka kidogo. Halafu Kimya akajifuta mikono, akauliza ratiba ya mazoezi itatoka lini.