Mafundo ya Sanda

Bibi anayeosha maiti mtaani kwetu, hapa mjini Muar, huja nyumbani kwetu alasiri kutazama runinga, sahani ya ndizi za kukaanga mapajani. Tamthilia za mama wakwe humchosha: "Huyu angekuwa na nguo za kufua, asingepata muda wa fitina." Filamu za mizuka ndizo huzikodolea macho. "Nani kakata sanda hii, fundi wa mapazia?"

Jana mzuka wa sanda, miguu imefungwa pamoja, uliruka-ruka hadi mbele ya kioo cha runinga. Mke wangu Suraya akafunika uso. "Bibi, zima basi." Bibi akaweka sahani chini, vidole vyake vikawa vinafungua hewani, taratibu: fundo la kichwani, la kiunoni, la miguuni.

"Maskini mwanangu," akauambia ule mzuka. "Wamekuzika wakasahau kukufungulia."