Sehemu Tatu, Amri Moja

Binamu yetu tulimbandika jina la Injinia kabla hajamaliza shule, na kosa letu ni kwamba aliliamini. Utotoni alifunga sanduku lake kwa makufuli matatu yaliyofunguka kwa ufunguo mmoja, akautundika shingoni, akatucheka sisi wenye kufuli moja. Mjomba akamsifia mbele ya wageni. Tangu hapo hashikiki.

Ofisi yetu huwahifadhia watu sauti na picha za familia. Mimi napokea simu za wateja, yeye anaunda mfumo. Siku moja alikuja na maktaba, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wenzake huko mbali, ila ukimsikia utadhani kaizaa mwenyewe. Unaipa amri mara moja tu, nayo inapeleka data kwenye hifadhidata tatu za kampuni tatu tofauti. "Moja ikianguka, mbili zimesimama!" alituimbia, akizungusha kiti. Nakala za akiba alizizima. Alisema ni woga wa washamba.

Wakati huo dada yangu alikuwa amefiwa na mumewe. Sauti za shemeji zilibaki kwenye simu yake: anamwita, anacheka, anauliza kama geti limefungwa au aende akalifunge. Injinia alikuja kutoa pole, akaishika simu, akazihamishia zote kwenye mfumo wetu.

"Sasa futa huku, dada. Zinakujazia simu bure. Kwangu hazipotei ng'o."

Dada akafuta.

Haukupita muda Injinia, bwana mkubwa, akataka kusafisha data za majaribio. Hakuangalia kama yuko kwenye mfumo wa majaribio au ule wa wateja. Mtu wa hadhi yake aangalie ili iweje? Akaandika amri ya kufuta, mara moja tu, kama alivyozoea kujisifu. Maktaba ikaipeleka kote, na sehemu zote tatu zikajibu kwamba kazi imefanikiwa. Simu ya mezani kwangu ikaanza kulia, na wateja wakanitukana mimi.

Jumapili alikwenda kwa dada, nami nikamfuata kwa sababu sikumwamini hata kuomba radhi. Na kweli hakuomba. Alikaa kwenye kochi, akakunja nne.

"Kitaalamu, dada, mfumo haukukosea. Ulifanya ulichoambiwa." Kisha akafungua kompyuta yake, uso umemchangamka kabisa. "Ila nimeshaurekebisha. Tazama. Siku hizi kabla ya kufuta unauliza kwanza: una uhakika?"

Dada alikuwa na simu yake mkononi, ina nafasi tele.

"Unamuuliza nani?"

"Mimi."

Dada akanyanyuka, akamfungulia mlango. Injinia akatoka na kompyuta yake kwapani, bado anaeleza, akaliacha geti wazi. Nilitaka kwenda kulifunga, dada akanizuia, akaenda mwenyewe.