Nilivyosoma Juani Nikilinda Kahawa

Kicheko cha binamu yangu nakisikia hadi leo: kinaanzia puani, kinakwama kidogo, halafu kinapaa kama cha kuku aliyetoka kutaga. Alikiachia siku aliyofika kwa bibi, kijijini Uru, kutoka Dar, akanikuta uani nikisoma.

"Sasa hiyo ndo nini, dada? Mbona kama kikokotoo kilichonenepa?"

Kilikuwa kifaa cha kusomea vitabu. Mjomba wangu ni mpagazi wa watalii mlimani; mgeni mmoja alimwachia, naye akanipa mimi. Hakina rangi, hakina video, hakipigi simu, ila hata juani maandishi yake yanasomeka kama ya karatasi. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini humo ndani nilishatembea nchi ambazo hata nauli zake sizijui. Na saa zangu za kutembea zilikuwa zile za kulinda kahawa: tunaianika juu ya meza za waya, mtu anakaa hapo juani, anaigeuza kwa kiganja, anafukuza kuku. Nageuza kahawa, nageuza ukurasa.

Basi binamu akaenda kumwambia bibi kwamba nachezea simu kazini. Bibi hakuuliza. Akakifungia kabatini, na ulinzi akampa yeye. Nililia chooni, halafu nikanawa uso nikaanza kupanga. Ningeweza kumwonya kuhusu lile jua. Sikumwonya. Hata chai nilimpelekea, natabasamu mpaka mashavu yanauma.

Akatoka na kishikwambi chake kinachong'aa. Ilipofika saa sita alikuwa anaona pua yake tu kwenye kioo. Akakiinamia, akakifunika kwa khanga, mwisho kikapata moto kikazima chenyewe. Akahamia migombani, kivulini, na kilipopoa akaanza sinema upya. Mimi niko jikoni nachambua mboga, macho dirishani. Kuku wakapanda mezani. Kahawa iliniuma, maana tuliichuma wote, lakini nilinyamaza mpaka bibi alipotokeza kutoka kupeleka maziwa.

Hakupaza sauti. Alitazama kahawa iliyomwagika, akatazama migombani.

"Mwenzako alikuwa anakaa na chake hapa hapa," alimwambia. "Kumbe chako ndicho kinachoogopa jua."

Akaingia ndani, akafungua kabati, akaniwekea kifaa changu mkononi.

Baada ya hapo kile kicheko kilipungua. Macho yalikuwa yanamuuma kwa ule mwanga, na kila umeme ulipokatika chake kilizimika mapema, wakati changu kinamaliza wiki na zaidi bila kuonja chaji. Akaja kuniomba kwa upole nimwazime. Nikamwambia nikimaliza hiki kitabu nitampa, na mimi nikiahidi natimiza.

Mchana mmoja, niko peke yangu penye kahawa, nikafika ukurasa wa mwisho. Nikatazama nyumbani. Alikuwa kakaa kizingitini, mikono mapajani, ananisubiri. Kahuruma kakanigusa, kweli.

Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza upya.